Kakatua wa Tanimbar na zana zake

Ndugu, umeuliza kama kakatua wa Goffin (kasuku mweupe wa Tanimbar) hutengeneza zana akiwa kizimbani tu, kama Figaro, ndege wa kufugwa huko Vienna, Austria, aliyebandua kijiti ili avute korosho asiyoifikia (2012). Hapana. Kwao ni visiwa vya Tanimbar, Indonesia, na utafiti wa 2021 ulionyesha wawili waliotoka porini wakichonga vipande vya matawi kwa mdomo ili kufungua kokwa gumu la tunda la pwani: kijiti kinene kama kabari ya kupanua ufa, chembamba cha kukata ganda la ndani, kingine cha kuchotea mbegu. Hatua tatu, ndege wa gramu 300 hivi! Tafadhali usimnunue wa porini. CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini, ulizuia biashara ya kimataifa ya ndege hao wa porini tangu 1992, na misitu yao inakatwa.