Timu imeongezeka, ripoti inachelewa: tatizo liko wapi?

SWALI: Habari za kazi, mshauri. Mimi ni meneja wa chama cha ushirika cha wakulima wa alizeti, wilayani Kongwa. Ripoti ya robo mwaka ilikuwa ikiandaliwa na watu 4 kwa wiki moja. Nikaunda timu ya watu 12 ili iende haraka. Sasa inakula wiki tatu na bado ina mapengo. Hawagombani, na vikao wanakaa. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole na kazi, ndugu meneja. Watu 4 wakiwasiliana wawili wawili wana njia 6 tu. Watu 12 wana njia 66. Watu umewaongeza mara tatu, mawasiliano yamepanda mara kumi na moja, na kila njia ina simu zake na "nakusubiri wewe" zake.

Halafu kuna kutegeana. Mwaka 1913 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha matokeo ya majaribio yake: watu 8 wakivuta kamba kwa pamoja, kila mmoja hutoa takriban nusu ya nguvu anayotoa akiwa peke yake. Wengine walidhani ni kwa sababu hawavuti kwa mpigo mmoja. Lakini mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwafunga watu macho, nyuma yao wakasimama wenzao waliojifanya tu kuvuta kamba. Aliyefungwa macho, akidhani anasaidiwa, akalegeza mkono vilevile.

Nina hakika kwako pengo liko kwenye safu kama ile ya tani zilizopokelewa ghalani. Karani anadhani mhasibu atajaza, maana ndiye mwenye malipo. Mhasibu anamngoja karani, maana ndiye mwenye daftari la mzani. Kwenye grupu la WhatsApp wote wameandika "sawa". Sawa ya nani, kwa lipi?

Rudisha kazi ya kuandika kwa wale 4, wengine walete takwimu tu. Kila safu iandikwe jina la mtu mmoja na tarehe. Usiandike "idara ya ghala", idara haina simu ya kupigiwa. Kwenye kikao kila mtu aje na makadirio yake ameshayaandika, na wewe uongee mwisho. Bosi akishataja tarakimu, nani tena atabisha?

Ila msimu wa kupokea mazao usiguse timu. Mmoja anapima unyevu, mwingine anasoma mzani, wa tatu anaandika stakabadhi, na mkulima mwenyewe anachungulia kilo zake. Kosa la mmoja linadakwa na mwenzake palepale, kabla gunia bichi halijaingia ghalani likaota ukungu. Hapo nisingepunguza hata mtu mmoja, foleni iwe ndefu vipi.

Robo ijayo safu zikibaki wazi, nitumie orodha ya nani anajaza nini. Vyeo vinatosha, majina acha.