Wasomaji Wauliza: Ndege Ndogo Zinavyoruka na Kutua kwa Mita Chache

*Tangu tutaje mashindano ya ndege ndogo za porini kuruka na kutua kwa umbali mfupi, barua hazijakoma. Tumechagua saba. Zilizouliza bei za ndege tumeziacha, maana bei hubadilika kabla gazeti halijafika mtaani.*

Nimeona video ya ndege huko Alaska ikiruka kabla haijasogea hata urefu wake yenyewe. Rafiki zangu wanasema ni ujanja wa kompyuta. Ni kweli? Na nani anapima? — Msomaji, Nanyuki

Ni kweli. Bila shaka uliyoyaona ni mashindano ya Valdez, mji mdogo wa bandari huko Alaska, yanayofanyika kila mwezi Mei. Mwaka 2018 rubani Dan Reynolds aliruka hapo kwa futi 11 na kutua kwa futi 9 na inchi 5, yaani mita 3.35 na mita 2.87.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Unachorwa mstari mweupe wa chokaa kukatiza njia ya kurukia. Wakati wa kuruka, magurudumu makuu yanasimama juu ya mstari, na waamuzi waliopangwa kandokando wanatazama ni wapi yameacha ardhi. Yakigusa tena, hata kwa kugusagusa tu, kipimo kinahamia pale yalipoachia mara ya mwisho. Wakati wa kutua, tepu inavutwa kutoka kwenye mstari hadi pale magurudumu makuu yaliposimama kabisa. Ukigusa kabla ya mstari, mzunguko huo umefutwa. Vipimo viwili vinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Ndege hugawanywa kwa makundi ya uzito na aina, kwa hiyo Cessna 180, ndege ya viti vinne, haishindanishwi na kindege cha kilo mia tatu.

Angalia hapa, maana wengi hawalioni: mita ulizopita hewani baada ya mstari zinahesabiwa sawasawa na mita ulizobingirika. Rubani aliyegusa mita 4 baada ya mstari akasimama kwa mita 12 ana 16. Aliyegusa mita 1 baada ya mstari, breki zake zikiwa dhaifu akaenda 14, ana 15, naye kashinda. Mashindano haya kwanza ni ya kulenga, ndipo yawe ya breki.

Mimi ni mwanafunzi wa urubani. Naomba hatua kwa hatua: rubani anafanya nini mikononi na miguuni? — Msomaji, Moshi

Tuchukue Piper Super Cub, ndege ya viti viwili yenye gurudumu la mkia na flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili libebe zaidi) za kuvutwa kwa mkono. Hilo la mkono lina maana kubwa, kwa sababu flapu za umeme hazifuati kasi ya mkono wa rubani.

Kuruka: magurudumu juu ya mstari, mguu wa kulia tayari kwenye usukani wa mkia kwa sababu injini itavuta pua kushoto. Breki zimekazwa, mafuta yote yanafunguliwa, na injini inaachwa ifikie mzunguko wake wa juu. Breki zinaachiwa kwa pamoja. Ukiachia moja mapema, ndege inapinda na mita zinapotea. Mkia unaachwa unyanyuke kidogo tu. Mwendo ukifika, mkono wa kushoto unavuta flapu zote kwa mkupuo huku wa kulia ukivuta fimbo ya kuongozea nyuma. Bawa linaongezewa uwezo wa kubeba ghafla na ndege inaruka kama imerushwa.

Sekunde inayofuata ndiyo ya hatari. Ndege iko hewani kwa mwendo ambao bawa linabeba kwa shida, na inabebwa tu kwa sababu iko karibu na ardhi. Pua inashushwa mara moja, ndege inaachwa ishike kasi chini chini, kisha flapu zinapunguzwa kidogo kidogo. Anayeendelea kuvuta fimbo ili watazamaji wafurahi atarudi chini kwa kishindo. Kosa la upande wa pili ni kuvuta mapema mno: gurudumu la mkia linakwaruza ardhi, pua iko juu, upepo unagonga tumbo la ndege, na mwendo hauongezeki.

Kutua ni kugumu zaidi. Ndege inakuja flapu zote chini, pua juu, mwendo ukizidi kidogo tu ule ambao bawa huacha kubeba, na injini ndiyo inayoishikilia isizame. Katika hali hiyo kazi za mikono hubadilishana: fimbo ndiyo ya mwendo, mafuta ndiyo ya kimo. Mwanafunzi akijiona anapungukiwa, silika humwambia avute fimbo. Akivuta, anazama zaidi. Anachotakiwa ni kuongeza mafuta.

Shabaha haiwekwi juu ya mstari. Huwekwa kabla yake kidogo, kisha mafuta ya mwisho yanaisogeza ndege ivuke. Magurudumu yakigusa tu, mambo matatu yanafuatana kwa haraka: mafuta yanafungwa, flapu zinaangushwa ili uzito wote ushuke kwenye matairi, breki zinakamuliwa. Flapu zikibaki chini, bawa bado linabeba sehemu ya uzito na matairi yanateleza tu. Breki zikizidi, mkia unapanda, na rubani hodari anauacha huko juu akiupima kwa fimbo na vidole vya miguu. Asiye hodari anapiga propela ardhini. Propela iliyogonga maana yake injini kufunguliwa na kukaguliwa ndani, hata kama kwa nje inaonekana nzima. Na ndege ikisimama mkia ukiwa juu, breki inalegezwa polepole. Ukiiachia yote, mkia unaanguka na kupinda springi ya gurudumu la nyuma.

Ni injini kubwa ndiyo inayoshinda? — Msomaji, Mwanza

Siyo. Ni wepesi, na upepo wa mbele.

Umbali wa kukimbia kabla ya kuruka huenda takriban na mraba wa uzito. Ndege ya kilo 550 ukiitoa kilo 55, yaani asilimia 10, umbali unapungua kwa karibu asilimia 19. Kilo 55 ni kama lita 76 tu za petroli ya ndege, maana lita moja ina gramu 720 hivi. Ndiyo maana washindani huingia na mafuta ya kutosha mizunguko na akiba ya usalama, basi. Kiti cha nyuma, zulia, paneli za ndani, sanduku la vifaa, vyote hubaki hemani.

Upepo nao unafanya kazi kwa mraba. Ndege inayoruka kwa kilomita 64 kwa saa, ikipata upepo wa mbele wa kilomita 24, inahitaji kufikia 40 tu juu ya ardhi. 40 kwa 64, kwa mraba, ni karibu 0.39: umbali umebaki chini ya nusu. Kwa hiyo ukisoma rekodi yoyote, uliza kwanza upepo ulikuwaje. Upepo wa nyuma ni adui kwa hesabu hiyo hiyo: asilimia 10 ya mwendo wa kuruka inakuongezea asilimia 21 ya umbali.

Kwa nini hatuoni maajabu hayo uwanja wa ndege wa Wilson? Super Cub si zipo? — Msomaji, Nairobi

Zipo, Shirika la Wanyamapori la Kenya limezitumia miaka mingi kwa doria, pamoja na Husky, ndege nyingine ya aina hiyo. Kilichokosekana ni hewa nzito.

Valdez iko karibu usawa wa bahari, na mwezi Mei kuna baridi. Wilson iko kwenye futi 5,500 hivi. Joto la kawaida kwa kimo hicho ni nyuzi 4: toa nyuzi 2 kwa kila futi 1,000 kutoka 15 za pwani. Siku ya nyuzi 26, joto limezidi kwa nyuzi 22. Kila nyuzi moja iliyozidi inaongeza futi 120 hivi kwenye kimo ambacho ndege inajiona ipo, kwa hiyo 22 mara 120 ni 2,640. Ndege inajiona iko kwenye futi 8,100 na ushei, ingawa magurudumu yako Wilson.

Huko juu, injini isiyo na taabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) imepoteza karibu robo ya nguvu zake. Bawa litabeba kwa kipimo kile kile cha saa ya mwendo, lakini mwendo halisi juu ya ardhi umezidi kwa asilimia 13 hivi. Ukizidisha hasara hizo mbili, umbali wa kuruka unakaribia mara 1.7 ya ule wa pwani. Mombasa asubuhi, upepo ukitoka baharini, ndege hiyo hiyo ingekushangaza.

Nina Super Cub ya zamani. Nianze kubadilisha nini? — Msomaji, Arusha

Anza kwa mizani. Ipime ndege tupu, usiamini karatasi ya zamani: miaka ya rangi juu ya rangi na redio zisizotumika huficha kilo nyingi.

Pili, propela. Ya kupandia, kwa mfano ya kipenyo cha inchi 82 na mkunjo wa mapanga wa inchi 41, huvuta kwa nguvu mwanzoni. Gharama yake ni safari: ukinyooka, injini inataka kupita mzunguko wa 2,700 kwa dakika, hivyo unalazimika kupunguza mafuta na kwenda polepole. Kama kazi yako ni Arusha hadi Dodoma kila wiki, achana nayo.

Tatu, vile vipezi vidogo vinavyobandikwa kwa safu juu ya bawa karibu na ukingo wa mbele. Huchanganya hewa ili ing'ang'anie bawa hata pua ikiwa juu sana. Havitakufupishia umbali kwa miujiza, ila usukani wa mabawa unabaki na uhai kwenye mwendo mdogo, na hilo kwetu ni bora kuliko mita mbili. Vibandike kwa kielelezo cha mtengenezaji; safu ikisogea vibaya, upande mmoja wa bawa huacha kubeba kabla ya mwingine.

Nne, miguu. Super Cub asilia hutegemea kamba za mpira, nazo hurudisha teke. Shokapu za mafuta hunyonya kishindo, ndege ikagusa na kubaki chini.

Matairi makubwa ya inchi 31 ni mazuri kwa mawe na mchanga, lakini ni mazito, na kipenyo chake kinadhoofisha breki. Ukiyafunga, funga na breki za pistoni mbili. Upepo wake huwa chini ya psi 10. Usijaribu kushusha tairi la kawaida lenye tyubu hadi hapo: litateleza juu ya rimu na kukata valvu. Matairi yaliyotengenezwa kwa kazi hii hayana tyubu, na valvu yake iko ubavuni mwa tairi.

Kila badiliko liwe na idhini ya mamlaka ya anga na liandikwe kwenye kitabu cha ndege. Bima haitaki hadithi.

Nilikuwepo Dubai ndege ilipotua juu ya hoteli. Ile nayo ni mchezo huo? — Msomaji, Dubai

Ni ufundi ule ule. Tarehe 14 Machi 2023, Mpolandi Luke Czepiela alitua kwenye uwanja wa helikopta wa Burj Al Arab, wenye upana wa mita 27, ulio mita 212 juu. Alisimama kwa mita 20.76. Ndege ilikuwa Carbon Cub, ya jamii ya Super Cub, iliyopunguzwa uzito hadi kilo 425, na tangi la mafuta lilihamishiwa nyuma ili uzito ukae mkiani na breki zikamuliwe bila kupinduka. Alikuwa amefanya mazoezi ya kutua mara 650. Tofauti na Valdez ni kwamba ukipitiliza mno mstari wa Valdez unaongezewa mita tu.

Mjomba ana kiwanja cha nyasi cha mita 400 Laikipia. Ndege ya rafiki yake kitabuni huhitaji mita 230 kuvuka kizuizi cha futi 50 kwa kimo na joto la hapo. Si inatosha kwa mbali? Pia tungependa kuandaa shindano dogo. — Msomaji, Nyahururu

Inatosha siku ya ukavu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza ina vizidishi ambavyo marubani wengi wa ndege ndogo huvitumia: nyasi kavu 1.2, nyasi zenye maji 1.3, ardhi laini 1.25 au zaidi, kisha 1.33 ya usalama juu ya yote. Vinazidishwa, havijumlishwi.

Nyasi kavu: 230 × 1.2 × 1.33 ni mita 367. Sawa. Nyasi zenye umande: 230 × 1.3 × 1.33 ni mita 398, na umebakiwa na mita mbili. Mvua ikinyesha udongo ukalainika: karibu mita 497. Ndege ibaki ilipo, mjomba asikasirike.

Kuhusu shindano, pateni kwanza kibali cha mamlaka ya anga. Mstari wa chokaa uwe ndani ya kiwanja mita 100 au zaidi, usiwe mwanzoni, ili aliyepungukiwa aangukie nyasi zilizofyekwa badala ya uzio. Watazamaji wote wakae upande mmoja, mbali, wala asiwepo mtu nyuma ya mstari. Wekeni kikomo cha upepo wa ubavuni kabla ya siku yenyewe, kwa maandishi, maana saa nne asubuhi watu wakishajaa hakuna anayetaka kuahirisha.

Na msipange ndege za mwendo tofauti kwenye mzunguko mmoja. Mei 2022 huko Wayne, jimbo la Nebraska, Cessna 140 iliyokuwa ikifuata ndege ya polepole zaidi ilipunguza mwendo mno, bawa likaacha kubeba ikiwa bado juu, na rubani wake akafariki. Ipeni kila ndege zamu yake, nyingine ikae chini mpaka iliyotangulia isimame, na rubani akiona nafasi imebana azunguke upya bila kupoteza zamu. Hilo la mwisho liandikeni kwenye kanuni.