Kabla ya akili mnemba, fungua folda ya Downloads

Siku hizi haipiti wiki bila mfanyabiashara kuniambia, "Fundi, na mimi nifungie hiyo akili mnemba," yaani AI. Mwenye duka la vipuri Kariakoo anataka itakayojibu wateja WhatsApp usiku yeye akiwa amelala. Mwenye zahanati Mbagala anataka itakayomkumbusha dawa zinazokaribia kuisha. Mkuu wa shule anataka itakayoandika ripoti za wanafunzi. Wote wana haki ya kutaka, na vifaa vipo, vingine hata havina gharama. Ila mimi huanza na swali moja: taarifa za wateja wako ziko wapi sasa hivi, na nani anaweza kuziona? Hapo ndipo mazungumzo hupoa.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mifumo ya kompyuta kwa biashara za kawaida, hizi zenye watu watano, kumi, ishirini. Ushauri ninaoutoa mara nyingi kuliko mwingine wowote huwaudhi watu kidogo: kabla hujaongeza kitu kipya, punguza ulichonacho. Futa. Biashara ndogo nyingi za kwetu haziumizwi na mdukuzi bingwa aliyejifungia chumbani nchi za mbali. Zinaumizwa na taarifa zilizokusanywa bila sababu, zikaachwa wazi, kisha zikasahaulika.

Chukua steshenari. Kila ofisi ya umma yenye foleni ina steshenari jirani yake. Unafika, unaambiwa "tuma WhatsApp kwenye hiyo namba ya ukutani." Unatuma kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya mwajiri, siku nyingine taarifa ya benki ya miezi sita. Kijana anapakua, anachapa, unalipa, unaondoka. Wewe umeondoka, faili limebaki. Liko kwenye folda ya Downloads, liko kwenye WhatsApp ya duka, na kama simu ya duka inapakua picha yenyewe, nakala ya tatu iko kwenye picha za simu, imechanganyika na picha za harusi ya shangazi yake. Nimefungua kompyuta za namna hii zenye nyaraka za watu za miaka kadhaa. Hazina neno la siri, kwa sababu vijana wanapokezana zamu na nani atakumbuka neno la siri. Flashi za wateja zinachomekwa na kuchomolewa tangu asubuhi. Mwenye duka si mtu mbaya hata kidogo. Hajawahi tu kufikiri kwamba analinda ghala la watu.

Na zamani ghala hilo lilikuwa na ulinzi wake wa ajabu: fujo. Mtu akiiba kompyuta ile alikuta maelfu ya picha zenye majina ya tarakimu tupu. Ili ajue nani ni nani, ilibidi akae afungue moja moja, asome, aandike pembeni. Nani ana muda huo? Hicho ndicho kitu kilichobadilika, na ndiyo sababu ninasema habari ya akili mnemba inamhusu mwenye steshenari hata kama hataitumia maisha yake yote. Programu za sasa zinasoma maandishi yaliyomo ndani ya picha, hata iliyopigwa kombo chini ya taa mbovu. Zinatoa jina, tarehe ya kuzaliwa, mwajiri, mshahara, jina la mtoto na shule yake, zinapanga kwenye jedwali. Rundo ambalo halikuwa na maana kwa mwizi limekuwa orodha. Fujo hailindi tena.

Kwa hiyo mwenye steshenari aanzie hapa. Kwenye WhatsApp ya duka, zima upakuaji wa picha wa moja kwa moja. Weka ujumbe unaotoweka baada ya saa 24 kwa kila soga mpya. Kila jioni safisha folda ya Downloads, na usisahau pipa la takataka la kompyuta, maana faili lililomo humo bado lipo. Zaidi ya yote, mteja akishashika karatasi zake, futa mbele yake. Kuna jamaa Temeke ameandika kwenye kadibodi, "Faili lako linafutwa ukiwa hapa hapa," na wateja wanaizungumzia kadibodi ile kuliko bei zake.

Si steshenari pekee, bila shaka. Daftari la mlinzi getini linalokaa wazi, ambalo kila anayeingia anasoma jina na namba ya simu ya aliyemtangulia. Kitabu cha wageni cha gesti kinachotaka kabila lako, unakotoka na unakokwenda. Kabila la nini, jamani? Fomu ya punguzo la bei dukani inayouliza tarehe ya kuzaliwa wakati keki hawakuletei. Kila unapotaka kumwuliza mteja jambo, jiulize utalifanyia nini mwezi ujao. Ukikosa jibu, usiliulize.

Sasa tuje kwa matapeli, maana hapa ndipo fedha inapotoka. Wote tunaijua "ile hela tuma kwenye namba hii." Tuliicheka kwa sababu ilirushwa gizani. Tapeli hakujua wewe ni nani, alitegemea tu kwamba katika watu elfu moja, mmoja atakuwa na hela anayodaiwa siku hiyo hiyo. Kiswahili chake nacho kilimfichua. Leo Kiswahili anaandikiwa na programu, kimenyooka kuliko cha ofisi nyingi ninazozijua, na kama ameshika orodha yako, hatupi tena gizani.

Niliwahi kuitwa kwenye shule moja ya binafsi baada ya mambo kuharibika. Uongozi ulikuwa na tabia ya kuweka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi orodha ya wanaodaiwa ada: jina la mtoto, darasa, kiasi, na namba ya mzazi. Nia ilikuwa kuwatia watu aibu walipe. Baadaye wazazi wakaanza kupata ujumbe, kila mmoja na wake, ukitaja mtoto wake kwa jina, darasa lake na salio lake hadi shilingi ya mwisho, na kuwaambia kwamba kwa sababu ya maboresho ya mfumo malipo yanapokelewa kwenye namba mpya. Watu walilipa. Ningekuwa mzazi pale huenda nami ningelipa, maana nani mwingine angejua salio langu? Uongozi ulinipokea kwa maneno "tumedukuliwa." Nilikagua kila kitu. Hakuna aliyedukua chochote. Orodha ilikuwa kwenye simu za watu zaidi ya mia, na ilipelekwa huko na shule yenyewe.

Sauti pia haiaminiki tena. Tunaishi kwa kutumiana sauti WhatsApp, na kipande kifupi kinatosha kuigiza sauti ya mtu kwa namna itakayomdanganya mhasibu mwenye haraka. Video nayo ni hivyo hivyo. Mwanzoni mwa 2024 mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup, ofisi ya Hong Kong, alihamisha dola za Hong Kong zipatazo milioni 200, karibu dola milioni 25 za Marekani, baada ya kukaa kwenye mkutano wa video na watu aliowatambua kuwa wakubwa na wenzake wa kazi. Wote walikuwa wa kutengenezwa kwa akili mnemba. Ile ni kampuni kubwa yenye idara nzima ya usalama, kwa hiyo usijipe moyo kwamba wewe una macho makali.

Dawa yake haihitaji kununua chochote. Ni kanuni moja ya ofisi, iandikwe na ibandikwe: namba ya malipo haibadilishwi kwa ujumbe, kwa simu iliyoingia, wala kwa video, hata kama anayeongea ni bosi na amekasirika. Anayetaka kubadilisha anapigiwa kwenye namba iliyokuwa kwenye daftari kabla ya ombi hilo kuja. Bosi naye akubali kupigiwa bila kununa; nimeona kanuni hii ikifa kwa sababu ya kiburi cha mwenye mali. Wateja nao waambiwe mapema, kwenye risiti na ukutani, kwamba Lipa Namba yako ni hii, jina litakalotokea kabla ya kuthibitisha ni hili, na hutawatumia nyingine kwa ujumbe. Wakipata ujumbe wa kitapeli waupeleke 15040, namba ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, imeitenga kwa kazi hiyo.

Kuna watu bado wanadhani mambo ya taarifa binafsi ni ya Wazungu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Sheria inataka anayekusanya taarifa za watu ajisajili, aseme anazikusanya kwa ajili gani, asizidishe, na asizitumie kwa jambo lingine. Wenzetu Kenya wametangulia na sheria ya 2019, na wameonja makali yake. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitangaza faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa shule moja ya Uthiru iliyochapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na 1,850,000 kwa klabu ya starehe ya Nairobi iliyoweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Soma tena hizo za picha kama duka lako hupiga wateja picha za matangazo ya Instagram. Siku hiyo hiyo kampuni moja ya mikopo ya simu ilipigwa 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kutuma vitisho.

Ile ya mikopo tunaijua vizuri huku, yale mambo ya kausha damu: unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, unachelewa siku mbili, na mama mkwe wako anapigiwa simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Ninachowaambia wafanyabiashara ni kwamba usikope kwa simu yenye namba za wateja. Unapobonyeza "ruhusu," unawaweka rehani watu ambao hata hawajui kwamba umekopa.

Tukirudi kwa aliyetaka kufungiwa akili mnemba: sawa, tutafunga. Kwanza tujue kwamba wafanyakazi wako wanaitumia tayari. Karani wa zahanati anabandika maelezo ya mgonjwa kwenye ChatGPT apate barua nzuri ya rufaa. Anataka kazi iende, simlaumu. Samsung, kampuni ya wahandisi watupu, ilipiga marufuku zana hizi kwa wafanyakazi wake Mei 2023 baada ya baadhi yao kubandika humo msimbo wa siri wa kampuni, yaani maandishi yanayounda programu zake. Mimi sipendi marufuku, kwa sababu mtu ataifanya kazi hiyo kwenye simu yake chooni. Napendelea utaratibu ambao karani anaweza kuufuata siku ya foleni ndefu: toa jina, namba ya simu, namba ya NIDA, namba ya bima, weka "mgonjwa A," bandika, kisha majina uyarudishe mwenyewe kwenye barua. Tumieni akaunti ya kazi, si ya mtu binafsi, na kwenye mipangilio zimeni ruhusa ya mazungumzo yenu kutumika kuifundisha programu.

Ile inayojibu wateja usiku iwekee mpaka. Saa za kufungua, dukani mko wapi, kipuri kipo au hakipo, hayo ijibu. Bei ya makubaliano, kurudisha hela na dhamana, iseme "utajibiwa na mtu asubuhi." Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada kumlipa abiria ambaye programu ya tovuti yao ilimpa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli nafuu ya wanaosafiri kwa msiba. Kampuni ilijitetea kwa kusema programu ile ni kitu kinachojitegemea. Utetezi huo ulikataliwa, na sidhani mteja wa Kariakoo atakuwa mpole kuliko baraza.

Yapo mengine madogo ambayo hayataki maelezo marefu. Mfanyakazi akiondoka, siku hiyo hiyo ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa vya WhatsApp ya duka, mtoe, badilisha na maneno ya siri. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako; ujanja wa baadhi ya wasajili wa laini wa "rudia kidole, hakijasoma" umewaachia watu laini wasizozijua. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, maana anayeshika barua pepe yako anashika kila kitu kilichofunguliwa kwa hiyo barua pepe. Weka nakala ya hesabu zako kwenye diski ambayo haikai imechomekwa.

Na ikitokea taarifa zimevuja, usikae kimya ukitegemea hazitafika kwa watu. Watu wakisikia kutoka kwa tapeli kabla ya kusikia kutoka kwako, umeshawapoteza. Piga simu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kisha waandikie wateja siku hiyo hiyo, kwa lugha ya kawaida, bila "tunapenda kuwataarifu." Huu ndio ujumbe ninaowaachia wateja wangu kwenye karatasi, wajaze nafasi tu: "Ndugu mteja, jana simu ya duka letu iliibiwa. Ndani yake kulikuwa na jina lako, namba yako na kiasi unachodaiwa. Namba ya siri ya fedha zako haikuwemo. Mtu akikupigia akitaja deni lako na kukupa namba mpya ya kulipia, si sisi, usilipe. Namba yetu ya malipo ni ile ile iliyo kwenye risiti yako. Ukiwa na wasiwasi njoo dukani, tupo hadi saa mbili usiku."