Nani Analipia Utafiti Bongo? Maswali Yenu na Majibu

Mwezi huu maswali yamekuwa mengi kuliko nafasi, na karibu yote yanazunguka kitu kimoja, hela ya utafiti na ubunifu, inatoka wapi, inapita wapi, na mbona haimfikii fundi. Nimechukua sita. Wale mlouliza habari za roketi mtanisamehe, zamu yenu itafika.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi fundi niko Gerezani, nimetengeneza mashine ya kupara samaki, inaendeshwa na mota ndogo tu, nimeijaribu Feri kwa wapara samaki wenyewe wakaikubali. Shida ni hela ya kutengeneza nyingine. Nimezunguka ofisi mpaka viatu vimeisha, moja wananiambia niandike andiko, nyingine wanataka kampuni iliyosajiliwa, nyingine wakaniuliza niko chuo gani. Hivi ile hela ya wabunifu tunayoisikia kwenye taarifa ya habari ipo kweli au stori? (Fundi, Gerezani)

Fundi, hela ipo, ila sio mfuko mmoja, na kila mfuko una masharti yake, wewe umekuwa unagonga milango ambayo haikutengenezwa kwa ajili yako na hakuna aliyekwambia.

Kuna hela ya utafiti. Hii inapita Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, wale wa Kijitonyama kituo cha Sayansi, kwenye mfuko unaoitwa MTUSATE ulioanzishwa 1995. Wanatangaza kwamba safari hii tunataka utafiti wa jambo fulani, watafiti wanaandika maandiko, wataalamu wenzao wanayapitia, wachache wanapata. Sasa hiyo imepangwa kwa mtu wa chuo au taasisi mwenye maabara na mhasibu wa kupokea fedha, ndo maana umeulizwa uko chuo gani. Sio dharau, ingawa najua inauma kuulizwa hivo na mashine yako iko mlangoni kwenye guta.

Halafu kuna hela ya kuibua wabunifu, na hapa ndo pako. Yapo mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yalianza 2019, na yana kundi la watu wa mfumo usio rasmi kabisa, hawakuulizi cheti. Wanaofanya vizuri wanaingizwa kwenye kuendelezwa. Fuatilia tangazo, usisubiri kuliona kwenye TV maana ukiliona kwenye TV wanakuwa wanatoa zawadi.

Na kuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Haina riba, ila ni mkopo wa kikundi na utarudishwa. Mimi nisingeuchukulia majaribio, maana jaribio likifeli deni halifeli. Uchukulie mashine ya tano na ya sita, ukishajua inauzika.

Kabla ya andiko lolote, ipeleke TIRDO kule Msasani, hilo ni shirika la serikali la utafiti wa viwanda, wana maabara. Waulize chuma ulichotumia kinafaa kugusa chakula au kitaota kutu kwa maji ya chumvi, na mota ikilowa itampiga mtu shoti? Pita na SIDO pia, shirika la serikali la viwanda vidogo. Halafu kaa Feri siku nzima na mizani uandike inapara kilo ngapi kwa saa na mpara samaki wa kisu anapara ngapi, ndoo ngapi za maji, umeme wa shilingi ngapi. Ukiwa na karatasi moja yenye namba hizo utasikilizwa tofauti kabisa na ukiwa na maneno "inafanya kazi vizuri".

Kitu ambacho hukuniuliza: wale wapara samaki wanalipwa kwa samaki wanaowapara. Mashine ikiwa ya tajiri mmoja, wao wanaenda wapi? Ikiwa ya kikundi chao, umepata wateja na umepata na watu wa kukusindikiza halmashauri. Fikiria hilo mapema, maana ofisi zote hizo zitakuuliza.

SWALI: Mbona taasisi za utafiti ni utitiri, COSTECH, TIRDO, TEMDO, CAMARTEC, TARI, TAFIRI, NIMR, si waziunganishe tu tuokoe hela? (Mlipa kodi, Tabata)

Lawama nyingine ziende 1977. Kabla ya hapo utafiti mwingi mkubwa ulikuwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tunagawana na Kenya na Uganda. Jumuiya ilipovunjika kila mtu akabaki na vipande vyake, na ndani ya miaka mitatu minne Bunge likapitisha sheria moja baada ya nyingine, NIMR ya magonjwa ya binadamu na TIRDO 1979, TAFIRI ya samaki na TEMDO ya mashine pale Arusha 1980, CAMARTEC ya zana za kilimo 1981. Kila moja ikakaa chini ya wizara yake. COSTECH ilikuja kwa sheria ya 1986 ikachukua nafasi ya baraza lililokuwa linaitwa UTAFITI, kazi yake kuratibu wote hao, ila wanaoratibiwa bajeti zao zinatoka kwenye wizara zao, kwa hiyo wewe fikiria mratibu asiyeshika pochi.

Kuunganisha kumeshafanyika kwenye kilimo, TARI iliundwa kwa sheria ya 2016 ikabeba vituo vya utafiti wa mazao nchi nzima. Mimi sio shabiki sana wa kuunganisha kwa ajili ya kuunganisha. Mtu wa korosho akae Naliendele Mtwara kwenye mikorosho, kumleta mjini hakutaokoa kitu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa umahiri hapa Dar. Kila mradi wa utafiti ninaouona mlangoni una bendera ya nchi ya nje. Kwa nini hatujilipii wenyewe, na tatizo liko wapi kama hela inakuja? (Mwanafunzi, Changanyikeni)

Swali lako ndo limenifanya niandike safu yote hii, mdogo wangu.

Viongozi wa Afrika walianza kuliongelea Lagos mwaka 1980, kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi na teknolojia. Umoja wa Afrika ukarudia miaka ya 2000, na hapa kwetu Kikwete akiwa Ikulu akaahidi tutafika. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 takwimu za kimataifa zilituweka kwenye kama nusu asilimia, na humo ndani hela ya wafadhili ilikuwa sehemu kubwa. Kenya wao wakaenda mbali zaidi wakaandika kwenye sheria ya 2013 kwamba Hazina itatoa asilimia 2, hawajafika. Kwa hiyo tatizo sio kukosa tamko, matamko tunayo ya kuazimisha majirani.

Fungua kitabu cha bajeti utaona safu mbili za miradi ya maendeleo, fedha za ndani na fedha za nje. Kwenye utafiti, serikali inalipa kwa uhakika mishahara na majengo. Mtafiti ana kiti, ana mshahara, ana kompyuta. Mafuta ya gari kwenda kijijini, vitendanishi, sampuli, posho ya wasaidizi, hivo vinasubiri mradi. Na mradi unatoka nje. Wasweden wamekuwa wakisaidia utafiti Tanzania tangu miaka ya 1970, wamesomesha madaktari wa falsafa wengi wa vyuo vyetu, siwezi kuwabeza hata kidogo. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza 1957 kama kituo cha Waswisi, leo ni ya Kitanzania na inaheshimika dunia nzima, chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Bagamoyo na Korogwe kabla haijakubaliwa na WHO. Hayo ni matunda na tumeyala.

Shida ni kwamba anayelipa ndo anayechagua swali. Malaria ni swali letu na lao pia, kwa hiyo linapata hela. Lakini nani Ulaya atalipia utafiti wa kwa nini ndizi zinaoza kati ya Tukuyu na Mabibo? Au udongo wa Mbagala unavyobeba nyumba? Hayo ni ya kwetu peke yetu, na ya kwetu peke yetu ndo yanakosa mfadhili. Na mfadhili akibadilisha sera kwao, tumeona 2025 Marekani ilivyofunga USAID, shirika lao la misaada, watu wa miradi wanaamka asubuhi hawana kazi.

Ila usifikiri hatuna njia yetu. Mazao yamewahi kujilipia. Kahawa ina taasisi yake ya utafiti, TaCRI, ilianzishwa 2000 kule Lyamungu Kilimanjaro, ikapangwa wadau wa kahawa wenyewe wakatwe kidogo kwenye mauzo kuiendesha. Mkulima anakatwa, kwa hiyo ana haki ya kuuliza miche iko wapi. Korosho nayo ilikuwa na utaratibu, ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje, asilimia 65 inarudi kwenye zao, pembejeo, utafiti na mengine, 35 inaenda serikalini. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa yote ikaingia Mfuko Mkuu wa serikali, wabunge wa kusini waliwaka Bungeni na mimi nilikuwa upande wao. Hela ikishaingia Mfuko Mkuu inashindana na barabara na hospitali, na mtafiti wa Naliendele hawezi kushindana na hospitali, hana hata picha ya kuonesha.

Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuandika tasnifu yako, tafuta swali ambalo kuna mtu hapa nyumbani litamuokolea hela. Bodi ya zao, DAWASA, wenye mabasi, yeyote. Muombe akulipie hata usafiri tu. Ukianza hivo mapema unajifunza kitu ambacho darasani hakifundishwi.

SWALI: Nina wazo la app, naogopa kulipeleka kwenye mashindano wasije wakaniibia. Nifanyeje? (Anko wa mitandao, Sinza)

Anko, wazo tupu halilindwi popote. Hataza (patent) ni ya kitu kipya kinachofanya kazi, unaomba BRELA, wale wanaosajili makampuni, au ARIPO, shirika la Afrika la hataza kule Harare, ukitaka nchi nyingi kwa pamoja. Programu zenyewe kwa kawaida zinalindwa na hakimiliki, hapo ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na usiweke video Instagram inayoonesha ndani kitu kinavyofanya kazi halafu ndo uende kuomba hataza, upya unaweza kuwa umeshaondoka (Fundi wa Gerezani na wewe soma hapa). Zaidi ya hapo jenga, nenda Buni Hub, kituo cha wabunifu pale pale jengo la COSTECH, kaa na wenzako.

Watu mnaipenda M-Pesa kama mfano wa wazo la kijana aliyeibiwa, sijui hadithi hizo mnazitoa wapi. Iliingia sokoni Kenya 2007, kwetu 2008, na mwanzo wake serikali ya Uingereza iliweka karibu pauni milioni 1 ya ruzuku kwa sharti kwamba Vodafone nao waweke hela yao. Jina likabaki kwa Vodafone mpaka 2020 ndo Safaricom na Vodacom wakalinunua. Aliyelipia majaribio ndo alikaa na jina miaka yote hiyo.

SWALI: Korea na Taiwan walikuwa maskini kama sisi, walifanyaje? (Msomaji, Kigamboni)

Kila mtu anapenda Korea. Walianzisha KIST, taasisi yao ya sayansi na teknolojia, 1966 kwa msaada wa Marekani, na walitaka ifanye kazi za viwanda, kiwanda kilete tatizo na kilipie. Leo Korea inatumia zaidi ya asilimia 4 ya pato la taifa kwenye utafiti, na zaidi ya robo tatu ya hela hiyo inatoka kwenye makampuni, sio serikalini. Hilo la mwisho huwa linasahaulika kwenye makongamano yetu.

Taiwan mimi napendelea zaidi. Serikali ilianzisha ITRI 1973, shirika la utafiti wa viwanda, ukitaka iite TIRDO yao. Mwaka 1976 wakapeleka vijana Marekani kwenye kampuni ya RCA kujifunza kutengeneza chipu. Vijana wakarudi, wakajenga kiwanda cha mfano ndani ya taasisi, halafu, na hapa ndo sisi tunakwama, taasisi ikawaachia watu wake pamoja na ujuzi watoke wakaanzishe kampuni. Ndo kampuni za chipu zikazaliwa, UMC ikatoka 1980, TSMC 1987, serikali ikaweka karibu nusu ya mtaji na Philips wa Uholanzi wakaweka sehemu kubwa. Leo simu yako ikiwa ya bei ya juu kidogo chipu yake kuna uwezekano mkubwa imetoka TSMC. Taasisi zetu zikitengeneza mashine nzuri huwa zinaibakiza kwenye banda la Sabasaba, kila Julai tunaenda kuisalimia.

SWALI: Nina kiwanda kidogo cha sabuni Vingunguti, nikimlipa mkemia anifanyie majaribio napata unafuu wowote? (Mama Sabuni)

Ndio mama, na wengi hawalijui hili. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 15, inaruhusu gharama za utafiti na maendeleo ya biashara zitolewe kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi. Ila iwe na risiti ya EFD na mkataba, sio umemtumia mkemia hela kwenye simu halafu basi. Mpelekee mhasibu wako kifungu hicho kabla hamjafunga hesabu za mwaka huu.