Kupima uthubutu wa wakulima: acha kipimo cha 1 hadi 10, weka pesa mezani

Mkuu, umesema unafanya utafiti wilaya za Mbozi na Rungwe, na ukiwauliza wakulima "kati ya 1 na 10, uko tayari kubahatisha kiasi gani?" karibu wote wanataja 5. Swali ndilo bovu. Hakuna anayejua uthubutu wake kwa namba, kwa hiyo mtu anataja ya katikati amalizane na wewe. Mpe achague, kisha umlipe kweli.

Ninayotumia ni njia ya mchumi Binswanger, aliyewapima wakulima wa vijijini India na kuchapisha matokeo mwaka 1980. Nimezidisha rupia zake mara 40 kupata shilingi. Kadi ni sita, mkulima anachagua moja. Kila kadi ina malipo mawili, ya bahati mbaya kwanza, ya bahati nzuri pili: 2,000 na 2,000, 1,800 na 3,800, 1,600 na 4,800, 1,200 na 6,000, 400 na 7,600, 0 na 8,000. Chora noti na sarafu zenyewe kwenye kadi. Angalia kadi ya tano na ya sita: wastani ni uleule, 4,000. Anayechukua ya sita anaongeza hatari bila kuongezewa chochote, hivyo usimchanganye na wa tano.

Usirushe sarafu. Inanuka kamari, waumini wengi watakataa, na anayerusha hushukiwa. Tumia vizibo viwili vya soda kwenye mfuko wa kitambaa, kimoja kipake rangi ya kucha nyekundu, kingine nyeupe: rangi moja ni bahati mbaya, nyingine bahati nzuri. Ukipaka kimoja tu, kidole kinahisi. Mbegu za maharage hazifai kwa sababu hiyohiyo, hazilingani. Mkulima achungulie mfukoni kwanza, halafu achomoe mwenyewe.

Kabla ya pesa, jaribuni kwa pipi. Kisha muulize: "Ukichukua kadi ya nne, kikatoka chekundu, unapata ngapi?" Akikosa mara mbili mweleze upya, akikosa ya tatu, mwekee alama kwenye fomu.

Penye kuharibika zaidi ni lugha. Mwaka 1981 wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliwapa watu tatizo moja la ugonjwa unaotishia watu 600. Lilipoelezwa kwa watakaookolewa, asilimia 72 walichagua njia ya uhakika. Lilipoelezwa kwa watakaokufa, asilimia 78 walichagua kubahatisha. Sasa mdodosaji wako mmoja anatafsiri papo hapo kwa Kinyakyusa "utapoteza", mwenzake wa Kinyiha anasema "utapata kidogo". Hapo umepima wadodosaji, siyo wakulima. Andika tafsiri mapema, mtu mwingine airudishe kwenye Kiswahili bila kuona ya kwanza, na isomwe neno kwa neno.

Mlipe kila mmoja faraghani, mbali na mwenyekiti wa kijiji. Kwa watu 30, jumla ya kutarajia kwa wastani haizidi 120,000. Beba 180,000, na chenji ya sarafu za 200 ya kutosha.

Halafu msimu. Ukipima Mbozi Julai magunia yakiwa ndani, na Rungwe Februari watu wakiwa wamemaliza hela kwenye mbolea na ada, hutajua tofauti ni ya wilaya au ya mfuko. Zote mbili zipimwe ndani ya wiki mbili zilezile.