Kifungashio cha wiski adimu na gari la kale: anza na pistoni, ngozi ije mwisho

Wanaoanza kazi ya kubuni vifungashio vinavyounganisha wiski adimu na kipande halisi cha gari la kale hukimbilia kuchora sanduku: ngozi, mishono, nembo mbili ubavuni. Chupa huulizwa baadaye. Anza na kipande cha gari, mfano pistoni (kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda ya injini), kwa sababu hicho hakibadiliki. Vingine vyote vitakifuata.

Mfano wa kujifunzia ni Black Bowmore DB5 1964, toleo la wiski ya kiwanda cha Bowmore lililotoka mwaka 2020. Wiski iliyokenekwa 1964 kisiwani Islay, Uskoti, ilitiwa kwenye chupa ya kioo iliyounganishwa na pistoni halisi ya Aston Martin DB5, gari la kifahari la Uingereza la miaka ya 1960, na chupa 25 tu ndizo zilizouzwa. Pistoni ile inaliingiza gari mkononi mwa mnunuzi. Nembo ya kubandika haifanyi hivyo hata ikipakwa dhahabu.

Silinda za DB5 zina kipenyo cha milimita 96, na pistoni huwa nyembamba kidogo kuliko hapo. Lakini pistoni iliyofanya kazi imelika, tena hailiki sawa pande zote. Pima kila moja kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo na unene), sehemu tatu, juu na chini. Ipe namba, na namba hiyohiyo uiandike kwenye chupa yake na kitako chake. Ukipima moja na kudhani nyingine zote ziko vivyo hivyo, kuna chupa itakayocheza na nyingine itakayogoma kuingia.

Isafishe mpaka masizi na mafuta yaliyojificha kwenye mifereji ya ringi yatoke. Mafuta yakibaki, gundi haishiki. Wiski isiguse chuma kabisa.

Halafu joto. Aluminiamu hutanuka kuliko kioo. Kwenye milimita 96, joto likipanda nyuzi 30, pistoni huongezeka takriban milimita 0.07, kioo cha borosiliketi (aina inayostahimili joto) huongezeka kama 0.01 tu. Tofauti ni ndogo kwa macho, ila kioo kilichobanwa kwa gundi ngumu kitapasuka. Acha nafasi ya nusu milimita kuzunguka pistoni, ijaze silikoni laini. Wiski nayo hutanuka: mililita 700 huongezeka karibu 10 joto likipanda nyuzi 20, kwa hiyo usijaze chupa mpaka kizibo.

Jambo linalosahaulika mno: sheria hairuhusu wiski ya Uskoti ya kimea kimoja (single malt) kusafirishwa nje ya Uskoti kabla ya kutiwa chupani. Kwa hiyo chupa yako tupu ndiyo itakayosafiri kwenda huko. Itengenezee kreti yake ya safari, mbali na sanduku la maonyesho.

Sanduku sasa. Chupa isimame wima, maana kileo kikali hula kizibo cha koki (gome jepesi la mti). Povu liwe la polithini. Lile la sponji hugeuka unga baada ya miaka. Ngozi ya milimita 1 ikikunjwa kingoni inakuwa 2, hivyo kifuniko hakifungi. Punguza unene wa kingo hadi nusu milimita kabla ya kukunja. Ngozi iliyotiwa tanini ya magome ikigusana na skrubu za chuma penye unyevu huota madoa meusi. Tumia bawaba za shaba njano zilizopakwa nikeli, na skrubu ziwe hivyohivyo.

Jaribu sampuli kwa chupa iliyojaa maji. Fungua na kufunga mara 500. Bawaba ikilegea, ongeza mbao nene nyuma yake, usiongeze skrubu.