Nikienda kliniki ya akili, chuo kitajua?

Swali: Shikamoo daktari. Niko mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Dodoma. Tangu mwezi uliopita usingizi unakata saa nane usiku na haurudi, chakula hakipiti, na vipindi nimeacha kuhudhuria. Mitihani ya muhula imebaki wiki tano. Ninayekaa naye chumba kimoja hosteli ananisukuma nikaonane na wataalamu, ila naogopa kupelekwa Mirembe, chuo kujua, na mkopo kukatwa. Utaratibu ukoje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, si daktari, kwa hiyo dawa siandiki.

Tuanze na Mirembe, maana naona ndiyo inayokukosesha hata hatua ya kwanza. Hapa mjini jina hilo tumeligeuza utani. Mtu akisahau chenji dukani anaambiwa akapimwe Mirembe. Mirembe ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, ipo tangu enzi za Mwingereza, na ina kliniki ya nje: mtu anaonwa, anarudi kwake. Wanaoletwa kwa amri ya mahakama wana sehemu yao, Isanga. Isitoshe, wewe huna sababu ya kuanzia huko.

Anzia ofisi ya mshauri wa wanafunzi, uombe kuonana na mnasihi. Huenda akakupa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, kujiona hufai. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla isizidi 27. Ukifika 10 na kuendelea, inabidi uchunguzwe zaidi. Hapo bado hujaambiwa una ugonjwa. Msongo wa mitihani kwa kawaida hupungua mtihani ukipita. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa raha usioisha wenyewe upesi, haisubiri ratiba, inaendelea hata likizo.

Baada ya hapo nenda kwa daktari, zahanati ya chuo au hospitali ya rufaa ya mkoa, ile tunayoiita Jenerali. Beba kadi ya bima na kitambulisho. Usishangae wakikutoa damu: upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta uchovu unaofanana kabisa na sonona. Ukiandikiwa dawa, ujue huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, kabla hujaona nafuu. Kichefuchefu cha siku za mwanzo wengi hukipata. Usiziache ghafla bila kumwambia aliyekuandikia.

Kuhusu siri: unayomweleza mnasihi hayaendi ofisi ya mitihani. Isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, hapo lazima awahusishe wengine, na atakuambia.

Mkopo haukatwi kwa sababu ya kliniki. Kinachowaponza wanafunzi ni kukaa kimya. Nimeona wanaojifungia chumbani siku ya mtihani wakitumaini kueleza baadaye, na kwenye vyuo vingi kutofanya mtihani bila ruhusa ni njia fupi ya kudisco, yaani kuondolewa chuoni. Barua ya daktari iliyofika kabla ya mtihani inaweza kukupa mtihani maalumu. Ikifika baada ya matokeo, utakuwa unabembeleza. Ukifikiria kuahirisha mwaka mzima, pita kwanza ofisi ya mikopo ya chuo, maana malipo husimama mpaka urudi. Kwa wiki tano ulizonazo, mimi nisingekimbilia huko.

Kuna jambo hukuliandika, nami nakuuliza wazi: je, unawaza kujidhuru, au kwamba bora usingekuwepo? Kama ndiyo, achana na mpangilio wote huo. Mwamshe huyo mwenzako hata iwe saa nane usiku, akupeleke mapokezi ya dharura ya hospitali yoyote iliyo karibu, na vidonge vilivyomo chumbani avitunze yeye.

Kama hapana, basi Jumatatu asubuhi mwombe akusindikize hadi mlangoni kwa mnasihi. Ukishindwa kuanza kuzungumza, mpe hiki ulichoniandikia akisome.